Telegramu Kutoka Tourmalet

Dereva alisimamisha gari zikiwa zimebaki kilomita nne hivi kufika juu. Theluji ilikuwa imemeza barabara, giza lilikuwa linaingia, na mtu mwenye busara angegeuza gari arudi alikotoka. Abiria wake, mwandishi wa habari aitwaye Alphonse Steinès, alikataa. Alimwambia dereva azunguke amsubiri upande wa pili wa mlima, kisha akashuka na kuanza kutembea.

Kijana mchungaji alimwongoza hadi juu, halafu akageuka kurudi kwao. Kuanzia hapo Steinès alibaki peke yake gizani, akishuka mteremko asioujua kwenye theluji isiyoonyesha ukingo wa barabara. Aliteleza, akaporomoka bondeni, akajikongoja hadi alipopata tena njia. Ilikuwa yapata saa tisa usiku alipofika kijiji cha Barèges, ambako watu walikwisha kuanza kumtafuta. Walimpasha moto na kumlisha. Baada ya hapo aliomba kupeleka telegramu Paris, kwa bosi wake Henri Desgrange: amevuka Tourmalet, barabara ni nzuri sana, inapitika kabisa.

Huo ulikuwa mwaka 1910. Safari za kupanda milima kwa baiskeli, hizi ambazo leo watu wa rika zote huzipanga miezi kadhaa kabla, zinadaiwa mengi na telegramu hiyo ya uongo.

Desgrange alikuwa mhariri wa gazeti la michezo la L'Auto. Mwaka 1903 gazeti hilo lilianzisha mashindano ya kuizunguka Ufaransa kwa baiskeli, Tour de France, na sababu haikufichwa: lilitaka kuuza nakala nyingi kuliko mshindani wake. Mbio hizo za kwanza zilikuwa na hatua sita tu, lakini ndefu ajabu, jumla ya kilomita 2,428, na sehemu kubwa ilikuwa tambarare. Mwaka 1905 waandaaji walithubutu kupitisha njia Ballon d'Alsace, mlima wa wastani mashariki mwa nchi, na René Pottier akatangulia kufika juu. Wasomaji walifurahi. Steinès, ambaye kazi yake pale gazetini ilikuwa kuchora njia ya mashindano, akaona kwamba umati unapenda mlima, na mlima mkubwa utapendwa zaidi.

Alitaka Pyrenees, ile safu inayotenganisha Ufaransa na Hispania. Desgrange aliliona wazo hilo ni wazimu. Njia za huko zilikuwa za wachungaji na mikokoteni, zenye mawe na makorongo, na msituni dubu walikuwa bado wapo. Hata wahandisi wa barabara wa mji wa Pau walishangaa walipoulizwa kama baiskeli zinaweza kupita mlima wa Aubisque, na ikabidi gazeti lichangie fedha za kuitengeneza barabara yake. Tourmalet ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwani barabara yake hufika mwinuko wa mita 2,115. Ukianzia Luz-Saint-Sauveur unapanda kilomita 19. Ukianzia Sainte-Marie-de-Campan unapanda 17. Kokote utakakoanzia, hakuna mahali pa kupumzisha miguu.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Njia ya Steinès ilikuwa na urefu wa kilomita 326, na walioilipia ni wengine.

Habari ilipochapishwa kwamba mashindano yatapita Pyrenees, waendeshaji 26 kati ya 136 waliokuwa wamejiandikisha walijitoa. Waliobaki, 110, walikuwa na miezi michache ya kufikiria. Tarehe 21 Julai 1910, saa tisa na nusu usiku, walioweza kufika hadi hatua ya kumi waliondoka Luchon kuelekea Bayonne, zile kilomita 326. Mbele yao ilisimama milima minne mikubwa kwa kufuatana: Peyresourde, Aspin, Tourmalet na Aubisque.

Tazama walichokuwa nacho. Baiskeli ya chuma yenye gea moja. Rimu za mbao. Tairi za akiba zimeviringishwa mabegani kama mkanda wa risasi. Mwendeshaji aliyechagua meno ya kumfaa kwenye tambarare hakuweza kukanyaga mlimani, na aliyechagua ya mlimani aliachwa kwenye tambarare. Kwa hiyo wengi walifanya kile ambacho kila mwenye baiskeli ya mizigo kwetu anakijua vizuri: wakashuka, wakashika usukani, wakaanza kukokota. Octave Lapize aliongoza kuvuka Tourmalet akipanda sehemu na kukokota sehemu. Gustave Garrigou, aliyekuwa nyuma yake kidogo, alipanda mlima wote bila kuweka mguu chini, akazawadiwa faranga 100. Ukiyajua mawe ya barabara ile na uzito wa baiskeli zile, utaona zawadi hiyo ilikuwa ndogo.

Kwenye Aubisque waandaaji, Steinès akiwa mmoja wao, walisimama pembeni mwa njia wakisubiri. Muda ukapita, hakuna mtu. Wa kwanza kutokea alikuwa François Lafourcade, mwendeshaji asiye na jina kubwa, ambaye aliwapita kimya. Yapata robo saa baadaye akaja Lapize, nusu anatembea nusu anajivuta, macho yamemtoka. Waandaaji walipotaka kumsemesha, aliwatupia neno moja ambalo limebaki katika historia ya mchezo huu kuliko ushindi wake wote: wauaji. Kisha akapanda baiskeli yake akaendelea. Alishinda hatua hiyo baada ya saa 14 na dakika chache, na mwishowe akashinda mashindano yote kwa tofauti ya pointi nne dhidi ya François Faber. Kati ya wale 110 walioanza, 41 ndio waliomaliza.

Ni rahisi kumsifu Steinès kwa ujasiri, na ujasiri alikuwa nao. Mtu aliyevuka Tourmalet usiku kwenye theluji hakuwa mwoga. Lakini mpangaji wa safari ana deni kwa wale watakaomfuata. Anapokwenda kuangalia njia, anakwenda kwa niaba yao. Steinès aliiona njia kwa macho yake, akaipima kwa mwili wake, halafu akaandika kinyume cha alichokiona, kwa sababu aliitaka sana hadithi. Neno la Lapize halikuwa hasira ya mtu aliyechoka tu. Lilikuwa shitaka, na lilikuwa la haki.

Haki hiyo inaonekana wazi zaidi ukikumbuka kwamba dawa ilikwisha kupatikana. Mwaka 1902, miaka minane kabla ya siku ile, chama cha Touring Club de France kiliandaa majaribio ya baiskeli kwenye Tourmalet hiyo hiyo. Mwanamke mmoja, Marthe Hesse, akiwa na baiskeli ya gea tatu, alimaliza njia nzima bila kushuka kukokota. Desgrange alijua. Jibu lake lilikuwa kwamba gea za kubadilisha zinawafaa watu waliovuka umri wa miaka 45, na kwamba mwanariadha hushinda kwa misuli yake. Ziliendelea kuzuiwa kwenye mashindano hayo hadi mwaka 1937. Jambo moja la maana ambalo Desgrange alilianzisha mwaka ule wa 1910 ni gari lililofuata nyuma kabisa kuwaokota walioshindwa. Wafaransa waliliita gari la ufagio, na hadi leo lipo.

Ukali wa kanuni za zama hizo haukuishia kwenye gea. Mwaka 1913 Eugène Christophe alikuwa na nafasi nzuri ya kushinda mashindano yote alipokuwa akiteremka Tourmalet na uma wa mbele wa baiskeli yake ukakatika. Kanuni zilikataza msaada wowote. Alitia baiskeli begani, akashuka kwa miguu zaidi ya kilomita kumi hadi Sainte-Marie-de-Campan, na huko akaelekezwa kwa mhunzi. Mhunzi hakuruhusiwa kumgusia kitu. Alisimama akimwelekeza kwa maneno, na maafisa wa mashindano wakasimama wakiwatazama wote wawili. Christophe, aliyewahi kufanya kazi ya ufundi wa makufuli, alipasha chuma moto, akakigonga, akakiunga. Mikono yote miwili ilikuwa kazini, hivyo mtoto mmoja akamfukutia moto kwa mivukuto. Alipomaliza, baada ya saa kadhaa, akaadhibiwa dakika kumi za ziada kwa sababu ya yule mtoto. Baadaye zilipunguzwa zikawa tatu, lakini ushindi ulikuwa umekwenda zake.

Wakati huo huo, mbali na magazeti na zawadi, watu wengine walikuwa wakijifunza kupanda milima kwa namna tofauti kabisa. Na msafara wa leo wa marafiki wanaokutana alfajiri, kila mmoja na chupa yake ya maji, ni mtoto wa hao zaidi kuliko wa Desgrange.

Mwaka 1897 kikundi cha Waitaliano kiliondoka Roma kwenda Naples, kilomita 230, wakikusudia kufika kabla mwanga wa siku haujaisha. Walijiita wenye ujasiri, na neno lao likazaa jina la Audax. Desgrange mwenyewe, mtu wa sura nyingi, aliupeleka mtindo huo Ufaransa mwaka 1904. Audax haikuwa mashindano. Msafara ulikwenda pamoja chini ya nahodha, ambaye ndiye aliyeshika mwendo, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Mahali pa kula palijulikana kabla ya kuondoka, na saa ya kufika pia. Kazi ya nahodha ilikuwa kuhakikisha wa mwisho anafika, na anayeelewa hilo ameelewa sehemu kubwa ya upangaji wa safari ya kundi.

Katika mji wa Saint-Étienne, huko huko Ufaransa, aliishi Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853 na kujulikana zaidi kwa jina la kalamu, Vélocio. Alimiliki jarida la Le Cycliste, na mlima uliokuwa nyuma ya mji wake, wenye barabara ya kwenda Col de la République, aliufanya maabara yake. Aliupanda mara nyingi mno akijaribu gea moja baada ya nyingine, akiandika ipi imemchosha na ipi imemfikisha na nguvu za akiba. Mashauri yake yalikuwa ya mtu aliyejifunza njiani: kula kabla njaa haijauma, kunywa kabla kiu haijashika, simama mara chache na kwa muda mfupi, usijitie kwenye uchovu utakaokunyima hamu ya chakula na usingizi, usikanyage kwa ajili ya kujionyesha. Nahodha yeyote wa kundi la baiskeli leo, awe Arusha au Eldoret, huyarudia mashauri hayo kwa wageni asubuhi ya safari, hata kama hajawahi kusikia jina la mzee huyo. Tangu mwaka 1922 wapenzi wake walikutana kuupanda mlima ule pamoja kila mwaka, vijana kwa wazee, na yeye mwenyewe alikuwa nao hadi kifo chake mwaka 1930.

Milima hiyo ya Ufaransa iliwafikia pia watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 2008 waendeshaji wawili kutoka Kenya, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, walipelekwa kupimwa kwenye mlima wa Alpe d'Huez, kilomita 13.8 zenye kona 21. Nderi alitumia dakika 42 na ushei, muda wa kuheshimika mbele ya mtu yeyote. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, alijifunza mchezo akiwa kijana katika kundi la David Kinjah huko Kikuyu, na mwaka 2013 alishinda kileleni mwa Mont Ventoux akiwa njiani kutwaa Tour de France yake ya kwanza kati ya nne. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Katika mbio kuu za wanaume, kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima vya Rwanda, waliomaliza walikuwa 30 tu. Tofauti na mwaka 1910, kila mmoja wao aliweza kuipitia ramani ya njia mwinuko kwa mwinuko kabla hajakanyaga pedali.

Lapize hakuzeeka kusimulia siku yake. Alijiunga na jeshi la anga katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akafa ndege yake ilipotunguliwa Julai 1917. Faber, aliyeshindwa naye kwa pointi nne, alikuwa amekwisha kuuawa vitani mwaka 1915.

Juu ya Tourmalet leo kuna sanamu kubwa ya chuma ya mwendesha baiskeli, mwili wazi, mdomo wazi, akitafuta pumzi. Kwa kuwa theluji ya huko haijabadilika tabia tangu usiku wa Steinès, sanamu hiyo hushushwa kila mwaka kabla ya majira ya baridi na kuhifadhiwa chini. Mapema Juni, barabara ikiisha kufunguliwa, hupakiwa kwenye lori na kurudishwa mahali pake. Lori hupanda polepole kwa sababu mamia ya waendesha baiskeli huja kulisindikiza: wenye mashindano miguuni, wastaafu, wazazi na watoto wao. Wengine hupanda moja kwa moja hadi juu. Wengine huishiwa nguvu kwenye kona za mwisho, wakashuka, wakashika usukani, wakakokota.