Gari Lililofundishwa Lafudhi

Wasomaji wengi tunamjua Eliza Doolittle, muuza maua wa London katika tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw. Profesa anamfundisha matamshi mapya, na jamii iliyokuwa ikimdharau inamwona bibi wa tabaka la juu. Mwaka 1956 hadithi hiyo ilipanda jukwaani Broadway kama mchezo wa muziki, My Fair Lady. Nilichochelewa kukijua ni kwamba mchezo huo ulizaa jina la gari.

Katsuji Kawamata, rais wa Nissan, aliutazama akiwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Ulimkuna kweli. Gari dogo la spoti la kampuni yake likaitwa Fairlady. Bosi kapenda, basi.

Mwaka 1969 likaja gari jipya kabisa, Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyesimamia biashara ya Nissan Marekani, aliona balaa linakuja: kijana wa kule anayetaka gari la kunguruma atanunua kweli "bibi mrembo"? Inasimuliwa kwamba magari ya kwanza yalipofika, alizibandua beji za Fairlady na kuweka 240Z, namba ya ndani ya kampuni. 240 ni injini ya lita 2.4 tu, hakuna ushairi hapo. Lakini fikiria, mwajiriwa anafuta jina alilolipenda mkubwa wake!

Gari likanunuliwa kwa fujo. Na huku kwetu, ambako matope hayaulizi jina, Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akarudia mwaka 1973. Tulilijua kwa namba.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Sawa, ila machoni pa nani? Mimi huhangaika na vichwa vya habari kila siku, kwa hiyo namwelewa Katayama: aliwasoma wasomaji wake. Hata hivyo, alilitendea gari kile ambacho profesa alimtendea Eliza. Alilibadilisha lafudhi ili likubalike ugenini.

Nyumbani, lakini, halikubadilishwa. Japani hadi leo linaitwa Fairlady Z, na hakuna anayelicheka.