Tarehe ya Hewa na Petroli katika Pikipiki za Milwaukee

Mtu akiivua pikipiki yake bomba la moshi la kiwandani, akaitia jingine lililo wazi zaidi, kisha akabadili chujio la hewa pia ili injini ipate kuvuta pumzi kwa wepesi, hujikuta mbele ya swali ambalo aghalabu hakulitia katika hesabu zake alipokuwa akinunua vyuma hivyo: atatumia chombo gani kuirekebisha kadiri ya petroli hata ilingane na hewa mpya inayoingia? Katika nchi ya Marekani, na hasa miongoni mwa wapandaji wa Harley-Davidson, ambao tangu zamani hawakuikubali pikipiki ibaki kama ilivyotoka kiwandani, swali hili limezaa soko kubwa, na kila muuzaji anayo hoja yake ya kuisifu bidhaa yake. Itikadi yangu ni kwamba mnunuzi hawezi kuchagua kwa busara pasipo kuijua tarehe ya jambo lenyewe, kwani kila chombo kilichoko sokoni leo kilizaliwa kiwe jawabu la shida ya zama zake, na shida hizo hazikuwa moja.

Petroli haiungui ndani ya silinda isipokuwa imechanganyika na hewa, na mchanganyiko huo una mipaka yake. Wanakemia wamekwisha kuhesabu kwamba ratili moja ya petroli safi yahitaji ratili 14.7 za hewa ili viungue vyote pasibaki kitu. Na petroli iliyotiwa sehemu moja katika kumi ya ethanoli, ambayo ndiyo inayouzwa katika vituo vingi vya Marekani siku hizi, hutosheka na ratili 14.1 hivi. Lakini injini haitoi nguvu zake zote katika kipimo hicho. Nguvu hupatikana zaidi petroli inapozidishwa kidogo, hewa ikawa kiasi cha ratili 13 kwa moja. Petroli ikipunguka mno, injini hupata moto na kusita, na hali hiyo ikidumu chini ya mzigo mzito, pistoni yaweza kuyeyuka. Ikizidi mno, plagi hujaa masizi, na oili inayozilinda kuta za silinda huoshwa ikaondoka. Katika injini ya Harley jambo hili ni kali zaidi, kwa sababu silinda zake mbili zimesimama kwa umbo la V la nyuzi 45, moja nyuma ya mwenzake, nayo ile ya nyuma hukosa upepo kwa kukingwa na ya mbele. Na kwa miaka mingi injini hiyo haikuwa na kitu cha kuipoza ila hewa ya njiani na oili yake.

Zama za kwanza nitazipita upesi. Pikipiki ya petroli ambayo Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliiunda Cannstatt mwaka 1885 haikuwa na kabureta kama tuijuayo. Hewa ilipitishwa juu ya petroli ikachukua mvuke wake, na mpandaji hakuwa na uwezo mkubwa wa kuupima. Mwaka 1893, huko Budapest, Donát Bánki na János Csonka walipata hati ya kabureta iliyorusha petroli kwa tundu jembamba ndani ya mkondo wa hewa, na zama hizohizo Maybach naye alifikia hikima kama hiyo. Tangu hapo palikuwa na tundu, na penye tundu mwanadamu aweza kulipanua au kulibana. Ufundi wote wa miaka tisini iliyofuata, naweza kusema, ulikaa katika tundu hilo.

William Harley na Arthur Davidson walipoanza kazi yao Milwaukee mwaka 1903, mpandaji alikuwa yeye mwenyewe ndiye mrekebishaji. Pikipiki za siku zile zilikuwa na vishikio vya mkono vya kuongeza na kupunguza, kimoja cha petroli, kingine cha hewa, na kingine cha kuiwahisha au kuichelewesha cheche. Na mtu aliyekwenda safari alikuwa akivigusa mara kwa mara, akisikiliza sauti ya injini, apande kilima au ashuke bondeni. Kabureta nyingi zilizofungwa katika pikipiki hizo zilitoka Indianapolis, zikaitwa Schebler. Baadaye ikaja Linkert, ambayo wazee wengi wanaoipenda hata leo husifu kwamba ilikuwa na sindano za kugeuzwa kwa vidole, pasipo kuhitaji bisibisi wala fundi.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, vijana waliorudi kutoka jeshini walizikata bamba za tairi, wakavua kila uzito usio na faida, wakaanza kushindana kwa kasi katika njia zilizonyooka. Hapo ndipo kurekebisha kulipoacha kuwa kazi ya kila mpandaji na kuwa biashara. Mwaka 1958 George Smith, mwenye kupenda sana mashindano hayo, alianzisha pamoja na mshirika wake kampuni ya S&S katika mji wa Blue Island karibu na Chicago, na bidhaa yao ya kwanza ilikuwa fito nyepesi za kusukumia vali. Baadaye kampuni ikahamia Viola, katika jimbo la Wisconsin, na jina lake likaenea zaidi kwa kabureta zake kubwa, zilizokuwa na koo pana la kupitisha hewa nyingi na jeti, yaani vitundu vya petroli, za kubadilishwa.

Ustadi wa zama hizo nauheshimu sana, kwani ulikuwa maarifa ya macho, masikio na mikono. Fundi aliipeleka pikipiki mbio, akaizima ghafula ikiwa bado katika mwendo, akafungua plagi na kuisoma rangi yake: weupe wa chokaa ulimwambia petroli imepunguka, weusi wa masizi ulimwambia imezidi, na rangi ya hudhurungi ilimtuliza moyo. Mafundi wa bodaboda wa Mwanza na Mombasa wanaifanya kazi hiyohiyo mpaka leo, na wanaifanya vizuri. Lakini ustadi huo ulikuwa na kikomo chake. Jeti iliyochaguliwa Milwaukee, mji usioinuka sana juu ya bahari, ilikuwa imezidi mafuta pikipiki ilipofika Denver, ambako ni juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,600 na hewa ni nyepesi. Na aliyetaka kwenda huko na kurudi ama alichukua jeti za pili mfukoni, ama alivumilia.

Kisha serikali ikaingia. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 iliipa dola mamlaka ya kuviwekea mipaka vyombo vya moto, na pikipiki mpya zikaanza kufungwa na sheria hiyo kwa miundo ya mwaka 1978. Viwanda vilipunguza petroli ili moshi usizidi kipimo, na kile kiskrubu cha kurekebishia mwendo wa kusimama, ambacho kila mpandaji alikuwa akikigeuza apendavyo, kikazibwa kwa kizibo cha shaba. Wako waliolichukulia jambo hili kuwa dhuluma. Mimi sioni hivyo: ukungu wa moshi uliokuwa ukiufunika mji wa Los Angeles na kuwaumiza watoto vifua haukuwa dhana, nao ulitoka katika mabomba ya vyombo vya watu. Ila ni haki vilevile kusema kwamba mpandaji aliuziwa injini yenye joto na kusitasita, akanyimwa njia halali ya kuituliza, na aliyepekecha kile kizibo kwa keekee hakuwa akitafuta ufisadi, alikuwa akitafuta pikipiki inayokwenda sawasawa.

Katika hali hiyo ndipo ilipostawi kampuni ya Dynojet, ya jimbo la Montana, iliyouza vifurushi vya sindano na jeti kwa pikipiki zilizobadilishwa. Lakini mchango wake mkubwa, kwa maoni yangu, ni mashine ya kupimia nguvu. Gurudumu la nyuma la pikipiki huwekwa juu ya pipa zito la chuma ambalo uzito wake wajulikana; mpandaji huvuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, na kwa kuwa inajulikana pipa limezidi kasi kwa upesi gani, nguvu iliyolizungusha yaweza kuhesabiwa. Mashine hiyo ilipoenea katika karakana za kawaida, fundi na mteja waliweza kusimama mbele ya mstari mmoja uliochorwa karatasini, na ubishi wa masikio ukapungua. Hapo ndipo ufundi huu ulipogeuka kuwa elimu ya vipimo, na mwenye kununua chombo chochote leo bila kupimiwa pikipiki yake baadaye ameacha nusu ya manufaa.

Sindano ya petroli inayoamrishwa kwa umeme haikuanzia Milwaukee. Kawasaki waliitia katika pikipiki za kuuzwa mwaka 1980, BMW wakaifuata kwa K100 mwaka 1983; Harley-Davidson walingoja hadi mwaka 1995, walipoifunga katika Electra Glide ya kuadhimisha mwaka wa thelathini wa jina hilo, kwa mitambo ya Magneti Marelli ya Italia. Mfumo huo ulitazama mambo mawili makubwa, mkono wa mafuta umefunguliwa kiasi gani na injini inazunguka mara ngapi, kisha ukasoma katika jedwali lililoandikwa kiwandani petroli ya kutoa. Tangu mwaka 2001 ukaanza kurithiwa na mfumo wa Delphi, uliopima pia msukumo wa hewa ndani ya njia ya kuingilia, hata ukaweza kuukadiria uzito wa hewa yenyewe. Na kwa hiyo safari ya Denver ikaacha kuwa mashaka. Ilipofika miundo ya mwaka 2007, kabureta ilikuwa imekwisha kuagwa katika pikipiki zote za kampuni hiyo.

Lakini jedwali halina kiskrubu. Aliyebadili bomba la moshi au kemshafti, ule mti wa kufungulia vali, aliikuta petroli imefungwa ndani ya kisanduku cha kompyuta, na ili kuifikia zikazuka njia tatu. Ya kwanza ni kisanduku cha kati, kama Power Commander wa Dynojet, kinachofungwa baina ya kompyuta na injekta inayorusha petroli, kikaipokea amri ya kompyuta na kuirefusha au kuifupisha kabla haijafika. Ya pili ni kuiingia kompyuta yenyewe na kuliandika upya jedwali lake, kama wafanyavyo Power Vision na vyombo vya Screamin' Eagle vya Harley wenyewe. Ya tatu ni kuiondoa kompyuta ya kiwandani kabisa na kutia nyingine, kama ThunderMax.

Katika pikipiki za miaka ya mwanzo njia ya kwanza ilikuwa na heri yake, kwani kompyuta ilitoa amri tu bila kuuliza matokeo. Mambo yalibadilika zilipoanza kufungwa sensa za oksijeni katika mabomba ya moshi, jambo lililoenea katika miundo ya mwaka 2007. Sensa hizo huipasha kompyuta habari za moshi, nayo hujisahihisha. Basi kisanduku cha kati kikiongeza petroli, sensa huona ziada, na kompyuta huipunguza tena, hata vyombo viwili hubaki vikivutana juu ya injini moja. Wauzaji walijibu kwa kuzizima sensa, dawa ambayo siipendi, kwa sababu inaipofusha pikipiki ili ikubali kutii. Tena sensa ya kawaida hujua jambo moja tu, kama mchanganyiko umevuka kile kipimo kamili kwa huku au kwa kule; haiwezi kusema umevuka kwa kadiri gani. Sensa za upeo mpana, ambazo ThunderMax huzitumia na ambazo mafundi huzifunga pikipiki ikiwa juu ya pipa, husoma kadiri yenyewe, na kwa injini iliyobadilishwa sana sioni njia nyingine ya kuaminika.

Mwezi wa Agosti 2016 serikali ya Marekani na Harley-Davidson walipatana katika shauri lililotikisa biashara hii yote. Serikali ilidai kwamba kampuni, tangu mwaka 2008, iliuza vyombo vya kurekebishia vipatavyo 340,000 vilivyoziwezesha pikipiki kutoa moshi kupita kiasi kilichoidhinishwa. Kampuni haikukiri kosa, ila ilikubali kulipa dola milioni 12, kuacha kuviuza vyombo hivyo katika nchi hiyo, kuvinunua vilivyosalia kwa mawakala wake na kuviharibu. Kampuni ilieleza kwamba viliundwa kwa ajili ya mashindano tu. Mwezi huohuo ilitangaza injini yake mpya ya Milwaukee-Eight, yenye vali nne kwa kila silinda, na wapandaji wakaanza tena kuuliza swali lilelile juu ya chuma kipya.

Atakayechagua hivi sasa, basi, na atazame kwanza alichokibadili. Ikiwa ni bomba la nyuma peke yake, huenda kompyuta yenye sensa zake ikajitosheleza, au ikahitaji jedwali lililokwisha kuandaliwa. Ikiwa ni kemshafti na ukubwa wa silinda, sharti awe na chombo kinachoandika jedwali lote, pamoja na fundi mwenye mashine ya kupimia. Ikiwa pikipiki ni ya barabarani, na autafute waraka wa idhini wa Bodi ya Hewa ya California, ambao huonyesha kwamba chombo kimepimwa na moshi haukuzidi mpaka. Na anayenunua chombo cha mkono wa pili aulize kama kimekwisha kufungamanishwa na pikipiki nyingine, kwani vyombo vingi vya kuandika jedwali hujifunga na kompyuta ya kwanza vilikotumika, na havifunguki kwa ya pili mpaka ilipwe leseni mpya.