Foklifti ya umeme na foklifti ya gesi

Foklifti ya umeme na foklifti ya gesi ni aina mbili za mashine za kunyanyua na kupanga mizigo zinazotumika katika magodauni, viwanda na yadi za Industrial Area, Nairobi. Ya kwanza huendeshwa na mota inayolishwa na betri. Ya pili huendeshwa na injini inayochoma mchanganyiko wa propani na butani, gesi ya jamii ileile inayopikiwa majumbani. Zote mbili zina uma mbele, mlingoti wa kupandisha uma huo na uzani mkubwa nyuma unaozuia mashine isipinduke inapobeba. Ipo pia foklifti ya dizeli, lakini moshi wake huifanya ifae zaidi kazi za nje.

Kwa mwenye godauni, uchaguzi kati ya hizi mbili hutegemea zaidi mambo matatu kuliko bei ya kununulia: mashine itafanya kazi saa ngapi kwa siku, itafanya kazi chini ya paa au juani, na usiku italala wapi.

Mazingira

Industrial Area iko kusini-mashariki mwa katikati ya jiji, kati ya Barabara ya Jogoo na Barabara ya Mombasa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, viwanda vikajipanga kando yake, na mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1948 ukaitenga sehemu hiyo kwa ajili ya viwanda. Upande wa Jogoo kuna mitaa ya zamani ya wafanyakazi kama Makongeni na Kaloleni. Upande wa pili kuna Mukuru na Viwandani, wanakotoka vibarua wengi wanaofika langoni kwa miguu alfajiri.

Katika barabara za Lusaka, Dunga, Likoni, Enterprise na Lunga Lunga, godauni la mlango mfupi na sakafu yenye nyufa hupakana na ghala jipya lenye rafu ndefu. Tofauti hiyo ina uzito wake. Foklifti ya umeme hutaka sakafu laini na kavu, kwa kuwa nyingi huwa na magurudumu madogo na tumbo lililo karibu na ardhi. Yadi ya changarawe inayogeuka tope mvua za Aprili zikinyesha huifaa zaidi mashine ya gesi yenye magurudumu makubwa ya upepo. Shehena nayo ina masharti yake. Unga, chai na dawa huhifadhiwa mahali ambapo harufu ya moshi ni hasara, ilhali vyuma, saruji na mbao haviharibiwi na moshi.

Asili

Kampuni ya Clark ya Marekani ilianza kutengeneza gari lake la kubebea mizigo kiwandani mwaka 1917, na gari hilo huhesabiwa kuwa miongoni mwa mababu wa foklifti. Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilieneza paleti za mbao, na bila paleti uma wa foklifti hauna cha kuingia chini yake. Toyota, jina linalofahamika sana katika magodauni ya Kenya, ilitoa foklifti yake ya kwanza mwaka 1956.

Jinsi zinavyofanya kazi

Betri ya kawaida ya foklifti ni ya risasi na asidi. Hujengwa kwa seli za volti 2 zilizounganishwa: seli 24 kwa mashine ya volti 48, seli 40 kwa ile ya volti 80. Uzito wake unaweza kupita tani moja, na katika mashine hii uzito huo ni faida, kwa sababu ndio unaosaidia kusawazisha mzigo ulio mbele. Anayeing'oa na kuweka betri ya lithiamu, ambayo ni nyepesi, hulazimika kuongeza vyuma kufidia pengo. Asipofanya hivyo, uwezo wa mashine kubeba hupungua na hatari ya kupinduka huongezeka.

Foklifti ya gesi hubeba mtungi wake mgongoni, umelazwa. Mtungi huo si sawa na wa jikoni. Wa jikoni hutoa mvuke kutoka juu, ilhali wa foklifti hutoa gesi ikiwa bado kimiminika, kisha kifaa kinachopata joto kutoka maji ya radieta huigeuza kuwa mvuke kabla haijaingia kwenye injini. Mtungi wa foklifti una tundu linaloingia kwenye pini ya kitako chake, ili mtungi ulale kwa upande mmoja tu na vali ya usalama ielekee juu. Kufunga mtungi wa kilo 13 wa nyumbani kwenye foklifti huharibu mpangilio huo wote.

Gharama

Foklifti ya umeme hununuliwa ghali na kuendeshwa kwa bei nafuu. Ya gesi ni kinyume chake. Sababu iko katika injini yenyewe. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya takriban uniti 13 za stima, lakini injini hugeuza kama robo tu kuwa kazi, na inayobaki hupotea kama joto. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana. Mashine ya tani mbili na nusu ikifanya kazi ya kawaida inaweza kula kilo 2 hadi 3 za gesi kwa saa. Ya umeme ya ukubwa huo hutumia takriban uniti 5 hadi 8. Mwenye godauni akizidisha tarakimu hizo kwa bei anazolipa mwenyewe na kwa saa za kazi za mwezi, atapata jibu la kuaminika kuliko la brosha yoyote.

Bei za pande zote mbili hubadilika kwa sera. Gesi ilirudishiwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 mwezi Julai 2021, ikashushwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa kuanzia Julai 2023. Tofauti na petroli, dizeli na mafuta ya taa, bei yake haiwekwi kila mwezi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Kwa stima, mwezi Desemba 2017 Kenya ilianzisha punguzo la nusu bei kwa viwanda vinavyoongeza matumizi usiku, kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi siku za kazi. Aidha, bili ya kiwanda hujumlisha uniti zilizotumika pamoja na malipo ya kiwango cha juu cha mzigo kilichofikiwa ndani ya mwezi. Chaja kadhaa zikiwashwa saa 4 asubuhi, mashine zote za kiwanda zikinguruma, zitapandisha kilele hicho. Zikiwashwa usiku hazitakigusa.

Ndiyo maana foklifti ya umeme hulipa pale inapofanya kazi zamu moja na kulala penye chaja. Utaratibu wa betri ya risasi ni saa 8 za kazi, 8 za kuchaji na 8 za kupoa. Kampuni inayofanya zamu mbili au tatu huhitaji betri ya pili kwa kila mashine pamoja na winchi ya kuibadilishia, au ihamie kwenye lithiamu, ambayo huweza kuchajiwa vipande vipande wakati wa chai na chakula cha mchana. Mtungi wa gesi hubadilishwa kwa dakika chache, na mashine ikaendelea.

Kukatika kwa stima nako huingia kwenye hesabu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, saa ambazo betri za magodauni huwa kwenye chaja. Kampuni isiyo na jenereta ya kutosha, na yenye malori yanayopakiwa alfajiri, hufanya busara kubakiza angalau mashine moja ya gesi.

Hewa na afya

Injini ya gesi hutoa moshi mwepesi kuliko wa dizeli, na wepesi huo huwadanganya watu. Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Katika godauni lililofungwa madirisha kwa kuhofia wezi au mvua, dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo kibarua anaweza kudhani ni njaa au uchovu. Injini isiyorekebishwa vizuri hutoa kaboni monoksidi nyingi zaidi. Kwa hiyo mashine ya gesi inayofanya kazi ndani hudai milango iliyo wazi, fundi wa kurekebisha injini mara kwa mara, na kipimo cha hewa ukutani.

Foklifti ya umeme haitoi moshi, lakini betri ya risasi inapochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ikifikia asilimia 4 ya hewa huweza kulipuka kwa cheche moja. Chumba cha chaja huhitaji matundu ya hewa karibu na paa, kwa kuwa haidrojeni hupanda juu, na marufuku ya sigara na ya kuchomelea vyuma. Maji ya betri, yaliyokenekwa wala si ya mfereji, huongezwa baada ya kuchaji. Yakiongezwa kabla, asidi huvimba na kumwagika.

Kwa masikio, ya umeme hushinda, ingawa ukimya wake nao humfanya mpita njia asiisikie ikija. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zimeweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8.

Sheria na usalama

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mashine za kunyanyulia zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Ofisi za kurugenzi inayoisimamia ziko Safety House, Commercial Street, humo humo Industrial Area, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani iko barabara hiyohiyo.

Hatari ya gesi si nadharia tu mashariki mwa Nairobi. Tarehe 1 Februari 2024, mlipuko kwenye kituo haramu cha kujazia gesi eneo la Mradi, Embakasi, uliua watu na kujeruhi mamia. Mitungi ya foklifti huhifadhiwa nje, kwenye kizimba cha waya chenye upepo, mbali na mitaro, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini.

Betri iliyozeeka

Betri ya risasi iliyotunzwa vizuri huweza kuchajiwa takriban mara 1,500, sawa na miaka mitano hivi kwa zamu moja. Kuitumia hadi chaji iishe kabisa, badala ya kuiacha ibaki na asilimia 20, hufupisha umri huo. Ikifa, haitupwi, kwa sababu risasi yake ina soko. Soko hilo lina historia chungu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Phyllis Omido alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015 kwa kuongoza harakati dhidi yake, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Anayenunua foklifti ya umeme hana budi kujua mapema betri yake itarudi kwa nani.

Namna ya kuchagua

Ghala la chakula au dawa, lenye sakafu nzuri na zamu moja, huifaa foklifti ya umeme. Yadi ya mawe, kazi ya mfululizo na paa lililo wazi huifaa ya gesi. Godauni lenye sura zote mbili huweza kuweka ya umeme ndani kwenye rafu na ya gesi nje kwenye malori, na kuchora mstari sakafuni usiovukwa na ya nje. Kwa mashine ya mtumba, saa zilizoandikwa kwenye mita ndizo za kwanza kutazamwa kwa ya gesi. Kwa ya umeme ni tarehe iliyopigwa kwenye betri, kwa sababu betri iliyokufa hufuta unafuu wote wa bei.