Dogo wa Form Three aliyechekwa darasani, na siri ya namba kwenye karatasi ya mtihani

Ukipita Kibakwe jioni, kule wilaya ya Mpwapwa, vijiwe vya kahawa ni vile vile kama vya kwingine. Swali linatupwa katikati: mwaka huu tupande mbegu gani, mahindi au mtama? Kijana wa bodaboda anajibu, watu wanaendelea kunywa kahawa yao kama hajasema kitu. Dakika kumi baadaye mwalimu mstaafu anasema neno lile lile, na kijiwe kizima kinaitikia, "Naam, mzee kasema!" Jibu ni moja. Kilichobadilika ni mdomo tu.

Wadau, ishu hii haijaanza leo, na Tanzania ina kisa chake ambacho dunia nzima ya sayansi inakijua.

Turudi mwaka 1963, shule ya sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa na mchezo wa kutengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unaacha yapoe, ndipo unaingiza kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ndogo, kwa hiyo aliyechelewa imekula kwake. Dogo mmoja wa Form Three akaona mwenzake anamuwahi. Akaamua liwalo na liwe, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, walipofungua, yake yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia: imekuwaje cha moto kigande kwanza? Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, kitu kama hicho hakiwezekani. Dogo akanyamaza, ila jambo halikumtoka moyoni. Baadaye akakutana na muuza aiskrimu pale Tanga mjini, naye akamwambia mbona wao hutumia mchanganyiko wa moto ili ugande haraka! Kumbe mtaani walishajua.

Akafaulu, akaenda Mkwawa, Iringa, mkoa unaopakana na Mpwapwa. Akauliza tena, safari hii kwa mwalimu mwingine. Jibu likaja na kejeli: hiyo ni fizikia yako wewe, siyo ya dunia. Darasa likapata utani wa bure. Kila akikosea hesabu, wenzake walimtania kuwa hayo ndiyo mahesabu yake. Hapo fikiria vizuri, mdau. Hakuna aliyewasha friza kuhakikisha. Kilichopimwa ni mwanafunzi, na swali lake halikuguswa.

Siku moja akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhadhiri wa fizikia, Dokta Denis Osborne. Baada ya mazungumzo akakaribisha maswali. Dogo akasimama, akauliza lile lile, na darasa likaangua kicheko. Mgeni naye moyoni aliona kijana kakosea, ila alifanya kitu ambacho wengine hawakufanya. Aliahidi kujaribu.

Aliporudi Dar, akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Basi bwana, fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji yaliyoanza yakiwa ya moto yameganda kwanza, lakini akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Yaani macho yameona, kichwa kimekataa, kwa sababu jibu sahihi lilishaamuliwa kabla ya jaribio.

Majaribio yakaendelea, na mwaka 1969 makala ikatoka kwenye jarida la Physics Education, ikiwa na majina mawili: la mhadhiri na la yule dogo. Aliitwa Erasto Mpemba, na duniani kote jambo hilo linaitwa "athari ya Mpemba". Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliitisha shindano la kulielezea, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Wapo wanasayansi wanaobisha hadi leo. Mwaka 2016 watafiti wawili walichapisha kazi wakisema hawakuona ushahidi wa kutosha. Sawa kabisa, kwa sababu hao walipima maji na hawakuuliza kijana anatoka shule gani.

Sasa, walioishi zamani waliujua ugonjwa huu na wakautafutia dawa. China, enzi za utawala wa Song, miaka karibu 1,000 iliyopita, majina ya watahiniwa wa serikali yalifunikwa. Baadaye makarani wakaanza kunakili karatasi zote upya, ili msahihishaji asitambue hata mwandiko. Marekani, mwaka 1952, okestra ya Boston ilianza kusikiliza wanamuziki wakiwa nyuma ya pazia, sikio lifanye kazi bila jicho.

Kwetu Tanzania, baada ya kutoka kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, Baraza la Mitihani la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mtoto wa Kibakwe akikaa kwenye mtihani wa Form Four, karatasi yake inabeba namba. Anayesahihisha hajui kama huyu ni mtoto wa mkulima wa karanga au wa bosi wa halmashauri. Wengi huiona namba hiyo kama usumbufu wa kukariri, kumbe ni pazia lililowekwa kwa ajili ya mnyonge.

Lakini namba inafanya kazi siku za mtihani tu. Siku nyingine zote darasani, kijiweni, hata kwenye mkutano wa kijiji, jina liko wazi, na sare iliyochakaa iko wazi. Mwalimu anajua nani "kichwa" na nani "kilaza", na mkono wa kilaza unaponyooka, jibu limeshahukumiwa kabla halijatoka.

Erasto alibahatika kwamba siku ile alikuja mgeni asiyemjua. Wangapi hawakupata mgeni? Wangapi walichekwa mara moja, wakakaa chini, na hawakunyoosha mkono tena mpaka wanamaliza shule? Hao hawana athari iliyopewa majina yao, na hakuna atakayejua waliona nini kwenye friza.

Kwa hiyo, mdau, dogo akijibu kijiweni leo, kabla hujacheka, jiulize kitu kimoja: neno hili angelisema yule mstaafu, ungelicheka?