Maji ya Kifuu: Historia Fupi ya Kufuga Samaki wa Baharini

Wenzangu niliosoma nao bila shaka wanalikumbuka lile tangi la kioo lililokaa dirishani katika maabara ya Bayolojia. Tulikuwa Kidato cha Tatu. Siku moja ya bamvua, maji yalipokupwa, watano kati yetu tulitelemka ufukoni na ndoo. Tulirudi na maji ya bahari, vipande viwili vya matumbawe tulivyovibandua mwambani, na samaki sita wadogo. Jumatatu walikuwa wakicheza. Alhamisi wote sita walielea matumbo juu. Mwalimu hakutugombeza. Alituuliza tu kama tulileta bahari, au tulileta maji. Hakuna aliyejibu.

Swali hilo nililibeba hadi Chuo Kikuu, na hata sasa, nikiwa mtumishi wa serikali mwenye mafaili tele mezani, hulisomea nipatapo nafasi. Nimegundua kwamba hatukuwa wa kwanza kulikabili.

Mwaka 1846 bibi mmoja wa Uingereza, Anna Thynne, alikuwa mapumzikoni Torquay, mji wa pwani. Alipendezwa na matumbawe madogo ya huko, akayachukua mpaka London ndani ya mtungi. London maji ya bahari yalikuwa adimu, hivyo ilibidi yale yale yatumike tena na tena. Kila siku yalimiminwa kutoka chombo hadi chombo, mbele ya dirisha lililo wazi, kwa dakika 30 hadi 45, ili yapate hewa. Aliyeifanya kazi hiyo ya kuchosha alikuwa mtumishi wake wa nyumbani. Jina la bibi limo vitabuni. Mtumishi hutajwa kwa kazi yake tu. Mwaka uliofuata Bibi Thynne aliongeza mwani hai, nao ukasaidia kuyapa maji oksijeni. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza jambo hilo hilo kwa maji baridi: samaki, mmea na konokono waliweza kutunzana katika chombo kimoja.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake *The Aquarium*. Kukawa na wazimu! Kila mwenye nafasi alitaka bahari yake sebuleni, na watu wakamiminika ufukoni na ndoo na nyundo. Mwanawe, Edmund Gosse, katika kitabu *Father and Son* cha mwaka 1907, ameeleza jinsi vidimbwi vya miambani vilivyokombwa mpaka uzuri wake ukatoweka, na jinsi baba yake alivyoumia kwa kujua kwamba vitabu vyake vilichangia. Hapa ndipo historia hii inaponichoma, maana nami nilishika kipande cha tumbawe hai mkononi, nikajiona mwanasayansi.

Jibu la kwanza la swali la Mwalimu nililipata kwa mtu wa Jakarta, Indonesia, aitwaye Lee Chin Eng. Mwaka 1961 aliandika jinsi alivyotunza matumbawe na samaki kwa maji ya bahari, mwanga wa jua, mapovu ya hewa, na mawe yaliyotoka baharini yakiwa na viumbe vyake hai. Siri imo katika mawe hayo. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria waishio kwenye mawe huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huhitaji majuma kadhaa kuzaliana. Sisi tuliweka samaki sita siku ya kwanza, tukawalisha mkate, na matumbawe yetu yakaozea humo humo. Tuliwanywesha sumu kwa mikono yetu.

Jibu la pili lilitoka Florida, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Martin Moe alifaulu kuzalisha kwa biashara wale samaki wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wanaoishi kati ya mikono inayowasha ya anemoni. Makinda yao ni madogo mno, hivyo hulishwa vijidudu visivyoonekana vizuri kwa macho. Tangu hapo imewezekana kuuza samaki wa mapambo bila kumgusa aliye mwambani. Hata hivyo, aina nyingi za samaki hao hadi leo huvuliwa baharini, wengine katika pwani ya Kenya, nchi ambayo tangu mwaka 1968 ina hifadhi za bahari Malindi na Watamu.

Wahenga walisema: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Kwa samaki hayatoshi. Mwalimu wetu ametangulia mbele ya haki kabla sijamjibu, basi namjibu hapa: tulileta maji tu.

Nanyi vijana mlioko madarasani, mkitaka kulijaza tena tangi lile, mtusaidie kusahihisha. Msibandue tumbawe lililo hai. Tieni pampu ya hewa, subirini majuma bila samaki, pimeni maji, kisha anzeni na samaki mmoja. Pampu nitainunua mimi.