Kangomba, Stakabadhi na Sanduku: Mikopo ya Wakulima wa Korosho Mtwara

Mkoani Mtwara korosho huvunwa kuanzia mwezi Oktoba, na fedha nyingi za kaya huingia msimu huo. Wakati wa masika, akiba ikiwa imekwisha, mkulima aliyekwama alikopa kwa kangomba: alipewa fedha au unga, akalipa kwa korosho zilizothaminiwa kwa bei ya kutupa. Deni lilimeza mavuno yakiwa bado mtini.

Mwaka 2007 ulianza mfumo wa stakabadhi ghalani. Korosho hupelekwa chama cha msingi cha ushirika, huuzwa kwa mnada, na mkulima hulipwa baada ya makato. Kangomba haikukoma, kwani njaa haisubiri mnada.

Vikundi vya kuweka na kukopa husaidia kuziba pengo hilo la kusubiri mnada. Wanachama hununua hisa kila wiki. Fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu. Anayerejesha mkopo kwa wakati huaminiwa tena.