Kisomo cha swala tano

Kisomo cha swala tano ni maneno anayoyatamka Muislamu katika swala za faradhi za kila siku, tangu takbira ya kufungia swala hadi salamu ya kuifungua. Ndani yake mna sura za Qurani, tasbihi, tahiyatu na kumswalia Mtume. Yote husomwa kwa Kiarabu, awe mwenye kuswali ni mzaliwa wa Lamu au wa Tongaren. Maneno yenyewe si mengi, na sehemu kubwa hurudiwa katika kila rakaa. Tofauti chache zinazosikika kati ya imamu mmoja na mwingine zinatokana na madhehebu ya fiqhi. Makala haya yanaeleza kisomo hicho kwa kuangalia hasa eneo la Tongaren na miji iliyo karibu nalo, Kitale na Bungoma.

Waislamu wa eneo hili

Tongaren iko katika kaunti ya Bungoma, mpakani na Trans Nzoia. Enzi ya ukoloni ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, na katika miaka ya 1960 ardhi hiyo iligawiwa wakulima Waafrika chini ya mpango wa ekari milioni moja. Wakazi wengi ni Wakristo, na Waislamu ni wachache.

Chimbuko kuu la Uislamu katika sehemu hizi ni Mumias, makao ya wafalme wa Wanga, ambako wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka pwani walipiga kambi katika karne ya 19. Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, alisilimu pamoja na watu wengi wa ukoo wake. Reli ilipofika katika miaka ya 1920, miji ya njiani ilipata wenye maduka wa asili ya Kihindi, Wasomali na Wanubi, ambao ni wazao wa askari wa Kisudani wa jeshi la kikoloni. Waswahili na Wasomali kwa kawaida hufuata madhehebu ya Imamu Shafi. Wasuni wengi wa asili ya Kihindi ni wa Imamu Hanafi, na Sudan, walikotoka mababu wa Wanubi, inafuata zaidi Imamu Maliki. Ndiyo maana katika msikiti mmoja wa bara huweza kukutana visomo ambavyo kwingineko kila kimoja kina msikiti wake.

Nyakati, rakaa na kibla

Swala za faradhi kwa siku zina rakaa 17: alfajiri 2, adhuhuri 4, alasiri 4, magharibi 3 na isha 4. Siku ya Ijumaa, wanaohudhuria swala ya jamaa msikitini huswali rakaa 2 baada ya hotuba, badala ya 4 za adhuhuri.

Kwa kuwa Tongaren iko karibu na ikweta, nyakati hazibadiliki sana mwaka mzima. Adhuhuri huingia baina ya saa sita na nusu, au kabla yake kidogo, na saa saba kasorobo au baada yake kidogo. Jua hufika huku dakika 18 hivi baada ya kupita Mombasa, kwa hiyo adhana ya redioni iliyopangwa kwa saa za pwani huwahi mno kwa mtu wa Kitale au Bungoma. Kibla nacho hutofautiana kidogo: Mombasa huelekea karibu kaskazini kamili, ilhali Tongaren huelekea kaskazini kwa kuinamia mashariki.

Kisomo hatua kwa hatua

*Kufunga swala.* Mwenye kuswali hutia nia moyoni, huinua mikono na kusema *Allahu Akbar*. Hii ndiyo takbira ya kuhirimia, na tangu hapo mazungumzo ya kawaida huwa haramu hadi salamu. Katika swala tano za siku takbira hutajwa mara 94, kwa kuwa karibu kila kuinama na kuinuka kuna ya kwake.

*Dua ya ufunguzi.* Hii ni sunna na husomwa kimya. Mashafi huanza na maneno ya kuuelekeza uso kwa Muumba wa mbingu na ardhi. Mahanafi huanza kwa kumtakasa na kumhimidi Mwenyezi Mungu. Kisha mtu hujikinga na shetani kabla ya kusoma Qurani.

*Alhamdu.* Suratul Fatiha, inayojulikana zaidi kwa jina la Alhamdu, ina aya 7 na husomwa katika kila rakaa, yaani mara 17 kwa siku katika faradhi peke yake. Ndani yake mna sifa za Mola, kukiri kwamba Yeye pekee ndiye wa kuabudiwa na kuombwa msaada, kisha ombi la kuongozwa njia iliyonyooka. Mwisho wake husemwa *Amin*.

*Sura.* Katika rakaa mbili za kwanza, baada ya Alhamdu husomwa sura au aya nyingine yoyote. Kuisoma ni sunna kwa Mashafi, na wengi huchagua sura fupi kama Kul-huwallahu, yenye aya 4, au Kauthar, yenye aya 3.

*Rukuu na itidali.* Akiwa ameinama husema *Subhana Rabbiyal-Adhim*, kumtakasa Mola aliye mkuu, mara tatu. Akiinuka husema *Sami'allahu liman hamidah*, kwamba Mwenyezi Mungu humsikia anayemhimidi, kisha *Rabbana lakal-hamd*.

*Sijida.* Kila rakaa ina sijida mbili. Katika kila moja husemwa *Subhana Rabbiyal-A'la*, kumtakasa Mola aliye juu, mara tatu. Katika kikao cha baina yake huombwa maghufira, rehema na riziki.

*Tahiyatu.* Baada ya rakaa mbili, na tena mwishoni, mtu hukaa na kusoma maamkizi: kwa Mwenyezi Mungu, kwa Mtume, kisha kwa waja wema wote. Hufuata shahada mbili, na hapo kidole cha shahada cha mkono wa kulia huinuliwa. Katika kikao cha mwisho huongezwa kumswalia Mtume, kwa kutaja pia Nabii Ibrahim na jamaa zake.

*Salamu.* Swala hufunguliwa kwa *Assalamu alaykum wa rahmatullah*, kwanza kuliani, kisha kushotoni.

Katika madhehebu ya Shafi, nguzo za kutamkwa ni tano: takbira ya kuhirimia, Alhamdu, tahiyatu ya mwisho, kumswalia Mtume na salamu ya kwanza. Ikikosekana mojawapo, swala haitimii. Akisahau tahiyatu ya kwanza, swala yake ni sahihi, na huifidia kwa sijida ya kusahau kabla ya salamu.

Kwa sauti na kwa siri

Imamu husoma Alhamdu na sura kwa sauti katika alfajiri, katika rakaa mbili za kwanza za magharibi na isha, na katika swala ya Ijumaa. Adhuhuri na alasiri husomwa kwa siri. Kusoma kwa siri si kusoma moyoni: kwa Mashafi ni shurti maneno yatamkwe kiasi cha msomaji kujisikia mwenyewe.

Tofauti za madhehebu

Tofauti ya kwanza ni Bismillahi ya Alhamdu. Mashafi huihesabu kuwa aya ya kwanza ya sura hiyo, na imamu wao huitoa kwa sauti. Imamu wa Kihanafi huisoma kimya. *Amin* hutolewa kwa sauti na Mashafi na kwa siri na Mahanafi, nao Maibadhi wa Oman na Zanzibar na Mashia hawaisemi kabisa.

Ya pili ni kisomo cha maamuma. Kwa Mashafi, anayeswali nyuma ya imamu lazima ajisomee Alhamdu, na ni vyema imamu anyamaze kidogo baada ya *Amin* ili kumpa nafasi. Kwa Mahanafi, kisomo cha imamu kinamtosha. Aliyechelewa na kumkuta imamu kwenye rukuu, akitulia naye humo, amepata rakaa hiyo hata kama hakuisoma Alhamdu.

Ya tatu, na ndiyo inayojadiliwa zaidi Afrika Mashariki, ni kunuti ya alfajiri. Mashafi husimama katika itidali ya rakaa ya pili, imamu akaomba uongofu na afya kwa sauti, na maamuma wakaitikia. Mahanafi huisoma katika swala ya witiri. Wengine, wakiwemo wanaojiita watu wa Sunna, huona kwamba haina nafasi ya kudumu katika alfajiri. Mshafi akiswalishwa na asiyesoma kunuti anaweza kujisomea kwa ufupi, iwapo atamuwahi imamu wake katika sijida.

Baada ya salamu

Nyiradi za baada ya swala si sehemu ya swala yenyewe. Zilizozoeleka ni istighfari mara tatu, Ayatul Kursiy, kisha *Subhanallah*, *Alhamdulillah* na *Allahu Akbar*, kila moja mara 33, na tahlili ya kukamilisha mia. Katika misikiti mingi ya Kishafi huletwa kwa sauti na kwa pamoja; kwingine kila mtu huleta zake kimya.

Kujifunza na kufahamu

Watoto huanza madrasa kwa Alhamdu na sura fupi za mwisho wa juzuu Amma, juzuu ya 30, yenye sura 37. Kazi kubwa ni matamshi, kwa kuwa baadhi ya herufi za Kiarabu hazimo katika Kiswahili wala Kibukusu, na kosa linalogeuza maana ya Alhamdu huweza kuharibu swala. Kwa Mashafi, aliyesilimu ambaye hajaihifadhi husoma aya nyingine saba, na asipozijua huleta dhikri badala yake. Tafsiri haichukui nafasi ya Alhamdu.

Tafsiri ina kazi nyingine: kumwezesha msomaji kujua anachokisema. Inayotumiwa sana ni Qurani Takatifu ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, mwanachuoni wa Zanzibar aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969. Nafasi ya lugha za nyumbani iko kandokando ya swala: katika mawaidha ya hotuba ya Ijumaa, ambayo nguzo zake hubaki kwa Kiarabu, na katika dua ya baada ya salamu, ambapo Mbukusu huomba kwa Kibukusu na Msomali kwa Kisomali.